Tingatinga Halisubiri Siku 90

Notisi ya kubomoa nyumba huwa karatasi moja tu. Juu ina nembo na kumbukumbu namba, chini ina saini na muhuri, na katikati kuna idadi ya siku: 30, mara nyingine 14, mara nyingine 7. Ukutani wameacha alama ya X kwa rangi nyekundu. Mwenye nyumba anayeamini kwamba uamuzi huo si halali, kwamba kiwanja chake kilipimwa na kina hati, au kwamba hakuna aliyemwita kumsikiliza kabla ya kuamua, huambiwa na kila mtu neno moja: nenda mahakamani. Anafika kwa wakili, na hapo anakutana na hesabu isiyolingana. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inamtaka aipe Serikali kwanza notisi ya siku 90 ya kusudio la kuishtaki. Ukitoa 30 kwenye 90 zinabaki 60. Hoja yangu iko ndani ya siku hizo 60, ambamo mwananchi ana haki lakini hana kesi, na tingatinga lina mafuta na lina dereva.

Mpaka mwanzoni mwa mwaka 2020 hali ilikuwa na unafuu kidogo. Mkazi wa kata ya Chemchem, au wa Kanyenye, Gongoni na Ng'ambo, aliyekuwa na mgogoro na Manispaa ya Tabora alitakiwa kuipa halmashauri notisi ya mwezi mmoja, kwa sababu serikali za mitaa zilikuwa na utaratibu wake. Marekebisho ya sheria mbalimbali, Namba 1 ya mwaka 2020, yalizikusanya halmashauri, wakala na mashirika ya umma chini ya jina moja la Serikali. Notisi ikawa siku 90 kwa wote, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kwenye kesi, la sivyo kesi haisimami. Zaidi ya hapo, kesi ya madai dhidi ya Serikali hufunguliwa Mahakama Kuu tu. Kwa mtu wa Chemchem, Mahakama Kuu ni safari ya bodaboda. Kwa mkulima wa tumbaku wa Sikonge au mfugaji wa Kaliua ambaye mgogoro wake ni mpaka wa shamba na halmashauri yake mwenyewe, ni nauli, ni malazi na ni kutafuta wakili wa mjini. Akisharudi nyumbani anakuta siku kadhaa za notisi aliyopewa zimekwisha kuliwa na barabara.

Tabora ni mji unaojua kusubiri. Enzi za misafara, hapa ndipo watu walipotua wiki na miezi, wakitafuta wapagazi na kungoja njia ya Ujiji ifunguke. Mpelelezi Livingstone alikaa Kwihara, kando ya mji huu, miezi kadhaa mwaka 1872 akingoja wapagazi kutoka pwani. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amefika Ujiji, Oktoba 1871, akitegemea kukuta shehena aliyotumiwa, akakuta mtu aliyekabidhiwa mali hiyo ameiuza yote. Hakuna aliyebisha kwamba mali ilikuwa yake. Haki yake ilikuwa safi kabisa, ila hakukuwa na kitu cha kuchukua. Kusubiri hakumuumizi mtu ikiwa kile anachokisubiri kiko pale pale alipokiacha, na kazi ya mahakama inapotoa zuio la muda haizidi hapo. Haisemi nani mshindi, wala haimpi mwombaji nyumba. Inasema kitu kibaki kilivyo mpaka tujue ni cha nani.

Mahakama zetu hazitoi amri hiyo kiholela. Tangu mwaka 1969, katika shauri la Attilio dhidi ya Mbowe, Jaji Mkuu Telford Georges alipoweka masharti matatu, kila mwombaji hupimwa kwayo. Lazima kuwe na suala zito la kuamuliwa, lenye dalili kwamba mwombaji anaweza kushinda. Lazima ionekane kwamba bila amri hiyo atapata hasara isiyofidika kabla haki yake haijathibitishwa. Na mahakama ipime, kati ya kuzuia na kutozuia, ni upi utakaomuumiza nani zaidi. Sharti la pili ndilo lenye mabishano mengi, kwa kuwa wakili wa upande wa pili hujibu kila mara kwamba nyumba ina thamani, thamani ni fedha, na fedha zinalipika. Mpeleke wakili huyo kwenye mwembe. Tabora ni mji wa miembe, mingine mikubwa kiasi kwamba familia nzima hutandika mkeka kivulini pake, na mthamini anaweza kuiandika kwenye fomu yake kila mmoja na bei yake. Fedha hiyo italipa maembe. Haitalipa kivuli, maana kivuli kile kilichukua miaka ya mtu mmoja na mwanawe kukua, na anayelipwa leo hana miaka hiyo ya kungojea mche. Vivyo hivyo makaburi yaliyo nyuma ya nyumba, wateja waliozoea genge lililopo kona ileile, na mtoto anayehamishwa shule wiki mbili kabla ya mtihani wa darasa la saba. Fidia ni jambo jema na ni haki ya kikatiba, lakini ni dawa ya jeraha, na mtu mwenye akili timamu angependa kwanza asijeruhiwe.

Tatizo ni kwamba sheria zetu zinaukataza mkono wa mahakama usiiguse Serikali kwa amri hii. Kifungu cha 11 cha Sura ya 5 kinasema mahakama haitatoa zuio dhidi ya Serikali. Badala yake itatamka tu haki za pande zote. Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inarudia katazo hilohilo. Tamko la haki ni kitu cha heshima, ila hutolewa mwisho wa safari, baada ya ushahidi na hukumu. Katikati ya safari halimzuii mtu. Mantiki ya kale ya katazo ilikuwa kwamba Serikali ni muungwana: ikitamkiwa haki itatii bila kushurutishwa, na haipaswi kukwamishwa katika kazi za umma kwa malalamiko ya mtu mmoja. Haya hatukuyabuni sisi. Yametoka kwa Waingereza, katika sheria yao ya mwaka 1947 ya kuishtaki Taji, nasi tukayaandika katika yetu ya mwaka 1967.

Na Waingereza wenyewe hawakubaki hapo. Mwaka 1990 mwalimu mmoja kutoka Zaire, nchi tunayoiita leo Kongo, aliomba hifadhi Uingereza. Kwenye vitabu vya sheria anajulikana kwa herufi moja tu, M. Mei 1, 1991, jaji aliamini amepewa ahadi kwamba hataondolewa kabla ombi lake halijasikilizwa. Akaondolewa siku hiyohiyo. Jaji akaamuru arudishwe. Waziri wa Mambo ya Ndani, Kenneth Baker, akashauriwa kwamba mahakama haina mamlaka ya kumwamuru waziri, naye akafuta mipango ya kumrudisha. Mtu yule akapotea. Mwaka 1993 Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, ikiketi katika Baraza la Mabwanyenye, iliamua mambo mawili: kwamba mahakama inaweza kumzuia waziri kwa amri ya muda pale anapopingwa kwa kutumia vibaya mamlaka yake, na kwamba waziri anayekaidi ana hatia ya kudharau mahakama. Ngao tuliyoiazima imeshatobolewa na fundi wake mwenyewe zaidi ya miaka 30 iliyopita, nasi bado tunajikinga nayo. Nasema haya si kwa kuwa London ndiyo kipimo cha haki. Nayasema kwa sababu anayetetea kifungu cha 11 kwa hoja kwamba ndivyo mfumo wetu wa sheria ulivyorithiwa, anapaswa kuusoma urithi huo mpaka ukurasa wa mwisho.

Tunayo pia historia yetu, na ni nzuri kuliko hiyo. Zamani mwananchi hakuweza kuishtaki Serikali kabisa mpaka Serikali yenyewe imruhusu. Kizuizi hicho kilivunjwa mwaka 1993 na Mahakama ya Rufani katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, lililoanzia Arusha. Mahakama iliona kwamba sheria inayomtaka mtu aombe ruhusa kwa yule anayetaka kumshtaki, tena bila kuweka muda wa kujibiwa, inavunja haki ya mtu kusikilizwa iliyomo katika Katiba. Mwaka uliofuata Bunge likaondoa sharti la ruhusa na kuweka notisi ya siku 90. Ilikuwa hatua kubwa mbele. Lengo la notisi lenyewe lina busara: Serikali ipate nafasi ya kulichunguza dai, ikiona ina kosa ilipane na mdai nje ya mahakama, fedha za umma zisiteketee kwenye kesi isiyo na sababu. Sina ugomvi na siku 90 mtu anapodai deni la zabuni, au fidia ya ajali ya gari la halmashauri. Deni halibomoki. Ugomvi wangu ni pale siku hizo zinapotumika kwa jambo ambalo upande mmoja unaendelea kulitekeleza huku mwingine umefungwa mikono. Notisi iliyokusudiwa kuwapa watu muda wa kuzungumza inageuka muda wa kumaliza kazi.

Mahakama Kuu imejitahidi kuliziba pengo hili kwa kujijengea njia yake yenyewe. Mawakili wetu huiita amri ya Mareva. Jina limetoka mbali: mwaka 1975 kampuni yenye meli ya Mareva iliiomba mahakama London izuie fedha za mkodishaji wake zisihamishwe benki kabla deni halijaamuliwa. Huku kwetu jina hilo limevishwa kazi nyingine kabisa. Ni amri inayotolewa kabla kesi haijafunguliwa, wakati notisi ya siku 90 inahesabiwa, ili hali ibaki ilivyo mpaka kesi iweze kusajiliwa. Majaji wameipata nguvu hiyo katika sheria inayoziruhusu mahakama zetu kutumia kanuni za haki zilizopokewa kutoka Uingereza, na shauri la shirika la umeme TANESCO dhidi ya kampuni ya umeme IPTL lililoripotiwa mwaka 2000 hunukuliwa hadi leo karibu kila ombi la namna hiyo linapopelekwa. Ni kazi ya kusifiwa. Jaji anayeona mtu amekatazwa kushtaki leo, na nyumba yake inabomolewa kesho, akasema sheria haiwezi kuwa imekusudia hivyo, huyo anatimiza Ibara ya 107A ya Katiba, inayomtaka atende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi.

Lakini kitu kilichojengwa na majaji peke yao kina udhaifu wake. Majaji hawajawa na sauti moja. Yupo anayeona kifungu cha 11 hakimhusu kwa kuwa kesi bado haijafunguliwa. Yupo anayeona kwamba kilichokatazwa ndani ya kesi hakiwezi kuruhusiwa nje yake. Mwombaji hajui mlango atakaoubisha utafunguliwa au la mpaka ajue faili limepangiwa nani. Kisha huja pingamizi la awali: kifungu kilichotajwa kwenye maombi si sahihi, hati ya kiapo ina aya isiyofaa, mdaiwa mmoja ameachwa. Kila pingamizi ni tarehe mpya, na kila tarehe ni siku iliyokatwa kwenye zile 30. Iko pia njia ya mapitio ya mahakama, ya kuomba uamuzi wa mamlaka ubatilishwe, ambayo haingoji siku 90. Hiyo nayo inahitaji kibali kwanza, tena ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe, na inachunguza jinsi uamuzi ulivyofikiwa, siyo nani mmiliki wa kiwanja. Kwa mwenye mgogoro wa umiliki haitoshi.

Amri za muda zinapotolewa, zinafanya kazi gani? Tuangalie mifano miwili ya hapa nchini isiyofanana. Mwaka 2018 kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni ziliwataka wenye blogu na majukwaa kujisajili kwa ada iliyofika shilingi milioni 2.1 ukijumlisha maombi, leseni na ada ya mwaka. Adhabu ya kukaidi ilianzia faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 12. Mwisho wa kujisajili ulikuwa Mei 5. Mei 4 Mahakama Kuu Mtwara ilizuia utekelezaji kwa muda, kufuatia maombi ya taasisi za haki za binadamu na za wanahabari. Kabla Mei haijaisha taasisi hizo zilishindwa, na kanuni zikaendelea. Wapo wanaouona mfano huu kama ushahidi wa kupoteza muda. Mimi nauona kinyume. Serikali ilingoja wiki chache, haikupoteza chochote cha kudumu, na hakuna aliyefungwa kwa kanuni ambazo uhalali wake ulikuwa bado mezani kwa jaji. Aliyeshindwa alishindwa baada ya kusikilizwa. Mfano wa pili ni Ngorongoro. Agosti 2, 2024, lilitoka Tangazo la Serikali Namba 673 lililozifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96. Wananchi waliandamana, na Agosti 22 Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha utekelezaji wa tangazo hilo kwa muda. Baadaye Serikali yenyewe ilivirudisha vijiji hivyo kwenye orodha kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27. Siwezi kudai kwamba amri ya mahakama peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Maandamano yalikuwa na uzito wake. Ila kama vijiji vile vingeachwa bila zuio wala sauti mpaka notisi ya siku 90 itimie, hata kama ingetolewa siku ileile ya tangazo, zingekuwa zimebaki chini ya wiki nne kufika uchaguzi.

Majirani zetu Kenya wameliweka jambo hili wazi ndani ya Katiba yao ya mwaka 2010. Ibara ya 23 inaitaja amri ya kuhifadhi hali kama moja ya nafuu ambazo mahakama inaweza kutoa haki ya mtu inapotishiwa, na Serikali haikuachwa nje. Septemba 2024 Mahakama Kuu ya Nairobi iliutumia uwezo huo kuusimamisha mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30. Novemba mwaka huohuo Rais Ruto mwenyewe akaufuta mpango huo, baada ya wakuu wa kampuni kushtakiwa Marekani. Fikiria kama mkataba ungeshatiwa saini na uwanja umeshakabidhiwa.

Hapa ndipo hoja nzito ya upande wa pili inapoingia, nami siichukulii kwa wepesi. Nchi inajengwa. Reli ya kisasa inakuja Tabora. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, ulisainiwa Desemba 2021, na vipande vya Isaka na Kigoma vikafuata mwaka 2022. Mji uliozaliwa na njia ya misafara na ukakuzwa na reli ya Wajerumani iliyofika hapa mwaka 1912 hauwezi kuichukia reli. Mkandarasi akisimamishwa anadai gharama za kusimama, na gharama hiyo tunailipa sote. Je, mtu mmoja mwenye nyumba ya vyumba vinne aisimamishe treni? Jibu liko katika sharti la tatu la Jaji Georges. Mahakama inapopima nani ataumia zaidi, maslahi ya umma yamo kwenye mizani, na mara nyingi ndiyo yatakayoshinda. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Kenya ilisimamisha Sheria ya Fedha Juni 30. Serikali ikaenda Mahakama ya Rufani kueleza hasara ya makusanyo, na Julai 28 zuio likaondolewa. Serikali ilisikilizwa ndani ya wiki nne na ikashinda. Mizani ilifanya kazi yake. Tena sheria yetu ya mwenendo wa madai inaweka kikomo: zuio la muda halizidi miezi 6, na hata likiongezwa jumla haivuki mwaka mmoja. Ninachokitetea hakiwapi wananchi ushindi dhidi ya reli. Kinawapa nafasi ya kupimwa. Leo mizani yenyewe imefungiwa kabatini siku 90. Na tuseme ukweli: mradi uliofuata sheria, ulioshirikisha watu na kulipa fidia kamili na kwa wakati, hauna cha kuogopa kwa jaji, maana mwombaji ataanguka kwenye sharti la kwanza kabisa.

Hoja ya pili inaniumiza kichwa zaidi. Mlango ukifunguliwa, atakayekuwa wa kwanza kuingia si mama ntilie wa Chemchem. Ni mwenye fedha na mawakili. Tuliyaona Novemba 2014. Bunge lilipokuwa linajiandaa kujadili ripoti ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300, Novemba 25 ilitoka amri ya Mahakama Kuu ya kuzuia mjadala huo. Bunge likaendelea na mjadala. Sikatai kwamba zuio linaweza kugeuzwa pazia la kufichia uchafu. Lakini tazama aliyefika mahakamani siku ile: kampuni yenye uwezo wa kulipa mawakili wa daraja la juu. Wenye uwezo wanaupata mlango hata ukiwa umefungwa, kwa kuwa wana mtu wa kuwatafutia ufa. Sheria ikinyamaza, ujanja ndio unaotawala, na ujanja unauzwa ghali. Sheria ikiandika wazi nani anaweza kuomba, kwa masharti gani na kwa muda gani, anayenufaika ni yule asiye na wakili mjanja. Mahakama inaweza kumtaka tajiri aweke dhamana ya hasara atakayoisababisha akishindwa, na kumsamehe maskini dhamana hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa kifungu cha 11 hawalisemi. Serikali yenyewe inaipenda amri ya zuio. Juni 2012 ilikwenda Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, ikapata amri ya kuzuia mgomo wa madaktari. Mwanzoni mwa Agosti mwaka uleule mahakama hiyohiyo iliwaamuru walimu waliogoma warudi darasani. Hoja ya Serikali ilikuwa sahihi katika asili yake: mgonjwa akifa hukumu ya baadaye haimfufui, na muda wa masomo ukipotea haurudi. Hiyo ni hasara isiyofidika, neno kwa neno. Serikali haikuambiwa ingoje siku 90. Kama hoja ni nzuri inapotoka kwa Wakili wa Serikali, inaharibikaje inapotoka kwa mwenye nyumba?

Wapo watakaosema kwamba hata amri ikitolewa haitatiiwa. Septemba 25, 2018, Mahakama ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha ilitoa amri ya muda kulinda vijiji vinne vya Loliondo, Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, watu wasiondolewe, maboma yasichomwe wala mifugo isikamatwe. Juni 2022, hukumu ikiwa bado haijatoka, vigingi vilianza kuwekwa kuzunguka kilomita za mraba 1,500 za ardhi iliyobishaniwa. Septemba 30, 2022, kesi ikatupwa. Novemba 29, 2023, ngazi ya rufani ya mahakama hiyohiyo ikaitengua hukumu na kuagiza kesi isikilizwe upya. Soma tarehe hizo kwa mfuatano utaona uchungu wake: watu wameambiwa na mahakama kwamba shauri lao halikuamuliwa ipasavyo, wakati vigingi vimeshakaa ardhini. Mfano huu hautufundishi kwamba zuio halina maana. Unatuonyesha kinachotokea lisipoheshimiwa. Dawa yake ni kumfikisha mbele ya jaji, kwa jina na cheo, ofisa aliyesaini agizo la kuendelea huku akijua kuna amri, kama alivyofikishwa yule waziri wa Uingereza.

Marekebisho ninayoyaona hayahitaji mapinduzi. Bunge liandike ndani ya Sura ya 5 kwamba mtu aliyekwisha kutoa notisi ya siku 90 anaweza, kwa hati ya dharura, kuiomba Mahakama Kuu amri ya kuhifadhi hali pale uamuzi unaopingwa unapotekelezwa kabla siku hizo hazijatimia. Pande zote zisikilizwe ndani ya siku 14, na Serikali iwe na haki ya kurudi wakati wowote kuomba amri iondolewe. Amri ife yenyewe ikiwa mwombaji hatafungua kesi mara baada ya siku 90. Pamoja na hayo, migogoro midogo ya halmashauri na wakazi wake irudishwe kwenye notisi ya mwezi mmoja iliyokuwapo kabla ya 2020. Waheshimiwa wabunge wa Tabora mjini, Kaliua, Urambo, Sikonge, Uyui, Nzega na Igunga wanawakilisha mkoa ambao kila upande umepakana na hifadhi, misitu, reli na barabara za Serikali. Wapiga kura wao watazipokea notisi hizi kuliko wengi, nao ndio ninaowaomba waubebe muswada huu.

Mpaka hapo utakapopita, ndugu msomaji, ukiletewa notisi usiikunje mfukoni. Andika juu yake tarehe na saa uliyoipokea na jina la aliyekukabidhi. Piga picha ukuta wenye X, nyumba yote, miti na makaburi kama yapo. Tafuta wakili au kituo cha msaada wa kisheria wiki ileile, peleka notisi yako ya siku 90 kwa mamlaka husika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na umwambie wakili mapema kwamba unataka amri ya Mareva. Wakazi wa mabondeni Kinondoni, Dar es Salaam, waliopata zuio la Mahakama Kuu nyumba zao zisibomolewe, Januari 2016, walikuwa wale ambao majina yao yalikuwamo kwenye maombi.